Nataka kutoa Windows niweke Linux kwenye mashine za steshenari, kuna aliyewahi?

Muuza Karatasi:
Habari za humu wakuu. Nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na chuo, kazi ni zile zile za kila siku, kuchapa, kuprinti, kopi, paspoti saizi, lamineshoni, na msimu ukifika tunawaombea madogo mikopo na kuwajazia watu maombi ya ajira. Mashine ziko nne. Mbili ni Dell OptiPlex 3010 za i3 RAM GB 4, moja HP Compaq ya Core 2 Duo niliinunua mtumba enzi hizo na mpaka leo haitaki kufa, halafu laptop yangu yenye hesabu za duka. Zote Windows 10, na nikisema ukweli ni laptop tu ndo ina windo halali, hizo tatu alikuja fundi akapiga kwa elfu 15 kila moja akaenda zake, sasa kwenye kona kule chini kuna yale maandishi ya kunikumbusha kwamba sijalipia, mteja akikaa anayaona, aibu kidogo.

Toka Oktoba 14, 2025 Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10, na mashine zangu Windows 11 inazikataa, fundi anasema prosesa za zamani na hazina hiyo TPM 2.0, chipu ya usalama, ila anaweza kuilazimisha iingie, elfu 30 kwa mashine. Nimegoma kwanza. Juu ya hapo kuna virusi, flashi za wanafunzi mnazijua wenyewe, mtu anachomeka anakuta shotikati tupu anakwambia dada mashine yako imekula risechi yangu, na risechi ni ya kukabidhi kesho saa mbili.

Kuna kijana yuko fildi hapa kwangu alikuja na flashi ina Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, akaiwasha kwenye ile HP bila kufuta kitu, ikafunguka, intaneti ikashika yenyewe, nikabaki namwangalia. Ni ya bure kabisa anasema. Sasa mimi bure huwa inanitia wasiwasi. Naomba aliyewahi kufanya hivi kwenye biashara (sio nyumbani kwa kuangalia muvi) aniambie printa zitakubali? Mitihani ya walimu inayokuja kwa Word itafunguka ilivyo? Na binti anayenisaidia anajua Word na Photoshop ya kukata picha basi, nikimbadilishia si atanikimbia?

Fundi Nyundo:
Dada kwanza hongera kwa kugoma. Kulazimisha Windows 11 kwenye Core 2 Duo ni kumbebesha bibi gunia la mkaa, na hata hivyo toka toleo la 24H2 haiwaki kabisa kwenye hizo, inahitaji kitu kwenye prosesa kinaitwa POPCNT ambacho Core 2 Duo haina. Kwa hiyo hiyo elfu 30 ya HP ungeitupa. Zile Dell ingeingia lakini kila toleo jipya likitoka unamwita tena fundi, na nadhani yeye analijua hilo.

Mint nimewawekea watu wengi. Kwa HP weka toleo lake la Xfce ni jepesi, Dell weka la Cinnamon, na kama una hela kidogo badala ya kununua kompyuta nunua SSD, ile diski ya kasi, hata ya GB 120, utashangaa, mashine ile ile inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Ila nikwambie kitu, watu wa Linux wakija wanakuongelesha spidi na muonekano, steshenari haiishi kwa hayo. Mteja analipia karatasi iliyotoka. Taja printa zako kwa majina ndo tuongee.

Kabati la Toner:
Usidanganyike dada. Mimi nilijaribu 2019, wiki mbili tu nikarudi windo. Kadi za harusi zote nilikuwa nazifanya Photoshop na CorelDRAW, kule hazipo, kuna hiyo GIMP ya kuhariri picha ukiizoea sawa lakini mteja kasimama kaunta anataka kadi 200 jioni hii, utamwambia subiri najifunza? Na kijana wako ukimfundisha akishajua anaondoka, anayekuja unaanza upya. Hata Wajerumani wa Munich walihamisha mashine za manispaa kama 15,000 kwenda Linux halafu 2017 wakapiga kura kurudi Windows. Wajerumani hao.

Muuza Karatasi:
Aisee Kabati umenitisha. @Fundi printa ni Epson L3110, HP LaserJet P1102 na Canon LBP2900. Ile Canon ndo inanilisha, karatasi nyingi zinapita pale.

Fundi Nyundo:
Epson L3110 hamna shida, draiva ipo na ya kuskani ipo inaitwa Epson Scan 2, unaipakua kwa Epson wenyewe. HP P1102 inashika ila inahitaji kiongezo kidogo, unafungua teminali, lile dirisha la kuandika amri, unaandika hp-plugin, inashusha yenyewe, hakikisha tu siku hiyo una bando maana bila hicho kiongezo utaona printa imeonekana, kazi imetumwa, karatasi haitoki, na utadhani mashine mbovu.

Canon LBP2900 sasa. Hapo pole. Hiyo inaongea lugha yao ya CAPT, Canon walitoa draiva ya Linux lakini ya zamani, inataka laibrari za biti 32 na ukishaiweka leo inafanya kazi kesho inagoma. Kuna watu wamefanikiwa. Mimi nimefanikiwa mara moja kati ya tatu, na sitaki kukuingiza kwenye hiyo bahati nasibu kwa printa inayokulisha.

Dogo wa Teminali:
si aishee tu hiyo Canon kwenye netiweki kutoka kwenye windo, mashine za Linux ziprinti kupitia hapo, simpo

Fundi Nyundo:
Dogo hapana. Ukiishea kwa njia ya kawaida bado ile ya Linux ndo inatakiwa kuitafsiri kazi iwe CAPT kabla ya kutuma, ni ugonjwa ule ule umehama chumba. Rahisi ni hivi, Canon ibaki imechomekwa kwenye Dell moja yenye windo, weka folda moja ya pamoja kwenye netiweki, walioko kwenye Linux wanasevu PDF humo, aliyekaa kwenye windo anaprinti. Sio maridadi lakini inaenda.

Saiba Thika Road:
Niaje wadau, mimi niko upande wa Kenya, nina saiba ya mashine kumi, saba ziko Linux tangu 2021, tatu nimeacha Windows na sioni haya. Sababu yangu ya kuacha hizo tatu ni ile ile, kuna vitu havihami. Watu wa kufanyiwa ritani za KRA, mamlaka yetu ya mapato, zile fomu za Excel za iTax zina makro, yaani programu ndogo ndani ya faili, ukizifungua na LibreOffice, ile ya bure inayokaa badala ya Microsoft Office, kile kitufe cha kuvalideti kinakataa bana, sasa utafanyaje, unaweka mashine moja ya Excel. Mwenye programu za uhasibu kama QuickBooks ya kuinstoli au Tally pia hawezi toka Windows. Lakini hebu hesabu kazi zako za siku, ngapi ziko kwa brauza? Kwangu karibu zote, eCitizen ya huduma za serikali, barua pepe, WhatsApp Web ya kupokea makaratasi ya watu, hizo haziulizi uko kwa mashine gani.

Na hio maneno ya Munich imalizieni. 2020 muungano mpya wa baraza la jiji uliandika tena kwamba utapendelea softiwea huria. Na Schleswig-Holstein, jimbo la kaskazini hapo hapo Ujerumani, 2024 wametangaza kuhamisha kompyuta kama 30,000 za serikali kutoka Microsoft Office kwenda LibreOffice. Halafu Munich ilikuwa na idara kibao kila moja na programu zake, dada ana mashine nne na binti mmoja, hio si mfano wake.

Kabati la Toner:
Sawa mkuu nimekupata, mimi nilihamisha zote siku moja halafu ilikuwa mwezi wa harusi. Labda kosa lilikuwa hapo.

Saiba Thika Road:
Hapo hapo.

Mzee wa Sanduku la Posta:
Mmenikumbusha mbali. Miaka ya 2006, 2007 tulikuwa tunaagiza CD za Ubuntu, nayo ni Linux, kwenye mtandao, bure, zinakuja kwa posta mpaka sanduku la chuo, unaomba moja wanakutumia na za kugawia wenzako. Yule mwanzilishi wake, Shuttleworth wa Afrika Kusini, ndo alikuwa anagharamia, na jina lenyewe ubuntu kwa lugha za kule ndo huu huu utu wetu, umuntu, ubuntu, utu, mnaona ukoo. Hiyo Mint ya dada imejengwa juu ya Ubuntu. Na kuna watu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipindi hicho na mradi wao wa Kilinux walishaitafsiri OpenOffice ikawa ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, faili, hariri, mwonekano. Sijui kwa nini tuliiacha, nadhani tulishazoea kuona maneno ya Kiingereza pale juu, ukimwekea mtu "Hariri" anauliza hiki nini.

Dada swali lako la bure. Bure ya hapa sio ya chambo. Torvalds alipoianza Linux 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki, na leo wanaolipa wahandisi wa kuiendeleza ni makampuni makubwa yenye seva zao zinazoitegemea, Intel, Google, Red Hat, hata Microsoft siku hizi nao wamo. Utakacholipa wewe ni muda wako wa kujifunza, hicho hakuna atakayekusamehe.

Muuza Karatasi:
Shikamoo mzee, asante, hapo kwenye bure nimeelewa. Na mitihani ya walimu je? Mwalimu anakuja na flashi, kapanga maswali kwenye majedwali na masanduku, nikifungua sipendi nione swali la 7 limehamia ukurasa wa tatu.

Mwalimu wa Zamu:
Hapo nakujibu kwa uchungu maana mimi ndo mwalimu mwenyewe na shule yetu tuna Ubuntu kwenye maabara. Mara nyingi kurasa zinahama sababu ya fonti, mpangilio unafuata baadaye. Word ya huku imeandikwa kwa Calibri au Cambria, Linux haina hizo, inaweka ya kwake yenye herufi pana kidogo, mistari inaongezeka, swali la 7 linahama. Dawa yake weka Carlito na Caladea, zimetengenezwa upana wa kila herufi ulingane na Calibri na Cambria kwa hiyo mistari inakaa pale pale. Na kuna pakiti inaitwa ttf-mscorefonts-installer, inaleta Times New Roman na Arial zenyewe kabisa. Ukishafanya hayo mitihani mingi inakaa sawa. Inayobaki kusumbua ni ile yenye michoro iliyochorwa ndani ya Word, mishale na maumbo, hiyo jaribu OnlyOffice, nayo ya bure, kwa docx inakwenda karibu zaidi kuliko LibreOffice. Lakini mazoea mazuri kuliko yote mwambie mteja akuletee na PDF. Sisi walimu tumezoea kubeba docx kwa sababu tunajua tutakosea kitu tutarekebisha pale pale kwako.

Muuza Karatasi:
Hahaha hilo la mwisho ni kweli tupu, na kurekebisha mnataka bure.

Fundi Nyundo:
Kwenye virusi nikuongezee, vile vya shotikati huwa havifuti kazi ya mtu, vinaificha halafu vinaweka shotikati yenye jina lile lile. Windows inatii ule ufichaji, Linux haujali, ukichomeka flashi hiyo kwenye Mint unayaona mafaili yote yamekaa, mara nyingine ndani ya folda isiyo na jina. Unakopi mafaili ya mtu, unasafisha flashi, unarudisha. Nina mteja Nyegezi kaandika bango kabisa, TUNAOKOA FLASHI. Na zile shotikati zenyewe ukizibofya kwenye Linux haziendi popote. Sio kwamba Linux haina wadudu, ila hawa wa flashi za kitaa wameandikiwa Windows.

Usifute windo kwa pupa. Anza na HP peke yake, mwezi mzima. Kama utataka ziwe zote mbili kwenye mashine moja, zima kile kitu cha Windows kinaitwa Fast Startup, la sivyo ukiwa kwenye Mint diski ya D itafunguka kusoma tu, kusevu inakataa. Na saa itakuchanganya, ukirudi windo unakuta imerudi nyuma masaa matatu, usiende kununua betri, ni kwamba Linux inaiwekea mashine saa ya Greenwich na Windows inadhani ni ya hapa. Kwenye teminali ya Mint andika timedatectl set-local-rtc 1 basi.

Dogo wa Teminali:
Mimi ningemshauri Arch, ile Linux ya kujijengea mwenyewe

Fundi Nyundo:
Dogo nenda kalale.

Kabati la Toner:
Dada kitu kimoja hawa hawajakwambia. Epson L3110 pedi ya wino ikijaa itawasha taa nyekundu zote na kugoma, na ile programu ya kuiriseti wanayotumia mafundi ni ya Windows tu. Usije ukakaa bila mashine hata moja ya windo, utaibeba printa mgongoni kwenda kutafuta fundi.

Fundi Nyundo:
Kabati hapo umesema, hata mimi nilisahau. Na kwa windo atakayobaki nayo, Microsoft wanauza miaka ya nyongeza ya usalama, kwa biashara ni dola 61 kila mashine mwaka wa kwanza na kila mwaka inazidishwa mara mbili, na windo iwe halali. Kwa duka letu hesabu haikai. Mimi ningeichomoa intaneti hiyo Dell ya windo, ibaki ya Canon, Photoshop na kuriseti, faili zifike kwa ile folda ya netiweki ya ndani.

Muuza Karatasi:
Narudi wakuu, imepita wiki ya tano. Hesabu ni hii. HP na Dell moja ni Mint, Dell ya pili nimeiacha na windo bila intaneti, inahudumia Canon na kadi, laptop sijaigusa maana hesabu za duka sina ujasiri huo. Bando nimeona tofauti, zamani nikiwasha hotspoti asubuhi windo inaanza kujipakulia mambo yake GB 1 imeondoka kabla sijafagia, huku Mint inaniletea orodha ya masasisho naweka siku naenda kwa shangazi ambako kuna waya.

Yaliyonishinda nayasema. Siku ya tatu HP P1102 iligoma kama Fundi alivyosema, karatasi haitoki, nilikuwa nimesahau hp-plugin, wateja sita foleni, binti ananiangalia, nilitoka jasho. Mtihani mmoja wa fizikia wenye mchoro wa saketi ulikuja umevunjika vipande, hata OnlyOffice haikuusaidia, nimeuprinti kwenye ile ya windo. Na paspoti saizi binti alikataa GIMP katakata, siku ya pili akagundua mwenyewe Photopea kwenye brauza, inafanana na Photoshop, sasa anakata picha humo hata kunifundisha ananifundisha yeye.

Flashi sasa. Nimeandika karatasi ya A4 nikabandika mlangoni, kuokoa flashi elfu 2. Wiki iliyopita ya kukabidhi risechi nimeokoa kumi na moja. Yule kijana wa fildi amemaliza muda wake nimempa elfu 20 na soda, kaniachia ile flashi yake.

Swali dogo limebaki, vijitabu vya misa na ratiba za harusi, zile A4 unazikunja kati kurasa zinajipanga, LibreOffice inafanyaje? Kwenye windo nilikuwa napanga kwa mkono.

Mwalimu wa Zamu:
Ukienda kuprinti, kwenye lile dirisha kuna sehemu ya mpangilio wa kurasa, chagua Brochure, inapanga yenyewe. Kwa P1102 isiyogeuza karatasi toa kwanza upande mmoja halafu rudisha rundo kwenye trei utoe wa pili, jaribu na kurasa nne kwanza ujue unageuzia wapi.

Muuza Karatasi:
Imetoka! Nimekosea kugeuza mara mbili, ya tatu imetoka. Ngoja nimwite binti aone.